Kwa nini muuguzi wako anavaa glovu: maisha ya Daktari Lucille Teasdale

Kina mama wa hapa Wambaa hawafichi kinachowakera, na mimi nawapenda kwa hilo. Mmoja wao alikuwa akigeuza uso kila nilipovaa glovu kabla ya kumgusa mwanawe. Siku moja akanieleza kilichomuuma: kwao, mtu akikushika kwa mkono uliofunikwa ni kama anakuona mchafu. Bibi yake alizalishwa na mkunga wa jadi ambaye hakujua mpira wa mkono ni nini, na watoto wote walitoka salama.

Sikuwa na jibu fupi. Nilikaa naye barazani pamoja na mama mkwe wake, nikawasimulia habari za mwanamke mmoja, daktari wa upasuaji, aliyefanya kazi Gulu, kaskazini mwa Uganda, kwa miaka 35. Nilipomaliza hakurudi kwenye suala la glovu. Aliniuliza kama yule daktari alikuwa na mtoto, na kama mtoto alisalimika. Kwa ajili yake na kina mama wengine wanaonigeuzia uso, nayaandika hapa yale niliyowasimulia.

Lucille Teasdale alizaliwa tarehe 30 Januari 1929 katika mji wa Montréal, Kanada, mtoto wa nne katika nyumba ya watoto saba. Baba yake alikuwa na duka la vyakula. Alipokuwa na umri wa miaka 12 hivi, watawa wa Kikatoliki waliokuwa wamefanya kazi China walikuja skuli kwao wakaeleza habari za wagonjwa wa huko. Tangu siku hiyo akashikilia kwamba atakuwa daktari. Mwaka 1955 alihitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Montréal, wakati ambapo wanawake darasani walikuwa wa kuhesabika. Tena hakutaka udaktari wa kawaida, alitaka upasuaji, kazi ambayo wakati ule ilionekana ya wanaume. Aliomba nafasi katika hospitali za Marekani hakupata, kwa sababu alikuwa mwanamke. Akaenda kumalizia mafunzo yake Marseille, Ufaransa.

Kabla ya hapo, katika hospitali ya watoto ya Sainte-Justine huko Montréal, alikuwa amekutana na daktari wa watoto kutoka Italia aitwaye Piero Corti. Piero alikuwa akitafuta mahali ambapo angeweza kujenga hospitali kubwa kwa watu wasio na uwezo. Alipapata Lacor, karibu na Gulu, ambako wamisionari wa Komboni walikuwa wamefungua hospitali ndogo mwaka 1959. Ilikuwa na vitanda vichache na haikuwa na daktari wa upasuaji. Piero alimwomba Lucille aje kwa miezi miwili tu, aanzishe upasuaji halafu arudi zake. Walifika Uganda Mei 1961. Miezi miwili ikapita, Lucille hakurudi. Walioana hapo hapo hospitalini tarehe 5 Desemba 1961, na Novemba 1962 akazaliwa binti yao pekee, Dominique.

Asubuhi Lucille aliona wagonjwa wa nje, msururu usiokwisha wa kina mama na watoto. Mchana aliingia chumba cha upasuaji. Katika maisha yake alifanya upasuaji unaokadiriwa kufika 13,000. Mama aliyeshindwa kujifungua, mtoto aliyeungua, mtu aliyeumwa na mnyama, ngiri, uvimbe, mifupa iliyovunjika, vyote vilipita mikononi mwake. Sisi wauguzi tukisikia idadi kama hiyo hatufikirii sifa. Tunafikiria ni mara ngapi mtu huyo ameshika wembe, mkasi na sindano yenye damu ya mtu mwingine, na kila mara mkono wake ukiwa karibu sana na ncha.

Miaka ile hospitali nyingi za vijijini Afrika zilikuwa zikiosha glovu, kuzichemsha na kuzitumia tena mpaka zichoke. Sindano pia zilichemshwa na kurudiwa. Waliofanya hivyo hawakuwa wazembe, ndivyo kazi ilivyokuwa. Damu ilihesabiwa kuwa kitu cha kuosha tu na kuendelea na kazi.

Halafu ikaja vita. Mwaka 1979 majeshi ya Tanzania yalikuwa yameingia ndani ya Uganda, katika vita ambavyo wazee wetu wanavikumbuka kwa jina la Vita vya Kagera. Kampala ilianguka Aprili, na askari wa Idi Amin wakakimbilia kaskazini, njia ya Gulu. Hospitali ya Lacor ilijaa majeruhi. Amani haikukaa hata baada ya Amin kuondoka, maana miaka iliyofuata kaskazini mwa Uganda kulikuwa na mapigano mengine, uporaji, na watu waliokimbilia hospitalini usiku kulala.

Nataka mama uelewe jeraha la risasi lilivyo. Risasi ikipiga mfupa huusambaratisha vipande vidogo, kila kimoja kikiwa na makali kama kigae cha chupa. Daktari huingiza vidole ndani ya kidonda kilichojaa damu, macho hayaoni chochote, akatafuta vipande kwa kupapasa. Kipande kimoja hutoboa glovu na kuchana ngozi. Mgonjwa anavuja damu na pengine ana dakika chache za kuishi, kwa hiyo daktari hasimami kukitazama kidole chake. Lucille alijikata namna hiyo mara nyingi. Hapakuwa na siku moja ya kuikumbuka, kwa sababu kila mkwaruzo ulikuwa mdogo, wa aina ambayo wewe ukiupata jikoni kwa kisu cha kuparia samaki unafunga kitambaa na kuendelea.

Ndani ya damu ya baadhi ya wale majeruhi kulikuwa na kitu ambacho bado hakikuwa na jina. UKIMWI ulielezwa na madaktari kwa mara ya kwanza mwaka 1981, Marekani. Virusi vyenyewe viligunduliwa na wanasayansi wa Paris mwaka 1983, na kipimo cha damu kilipatikana 1985. Kwetu Zanzibar wagonjwa wa mwanzo walitambuliwa 1986. Kwa hiyo Lucille alipokuwa akijikata mwaka 1979 na miaka michache iliyofuata, hakuna mtu duniani aliyeweza kumwambia ajihadhari na nini.

Alianza kuumwa mara kwa mara. Mwaka 1985, akiwa na miaka 56, vipimo vilionyesha kuwa ana virusi. Dawa haikuwepo. Walimhesabia maisha mafupi sana, lakini yeye akarudi Lacor na kuendelea na kazi. Aliishi miaka mingine 11. Mwili ulikonda, maradhi nyemelezi yalimwandama, na upasuaji kidogo kidogo aliwaachia wengine, lakini asubuhi aliendelea kukaa na wagonjwa wa nje. Katika wale walioshika kazi alikuwemo kijana wa Kiuganda, Daktari Matthew Lukwiya, aliyefika Lacor mwaka 1983 kwa mafunzo ya kazi na baadaye akawa kiongozi wa hospitali. Nitarudi kwake.

Lucille alifariki tarehe 1 Agosti 1996 huko Besana, Italia, akiwa na umri wa miaka 67. Mwili wake ulirudishwa Lacor, ukazikwa ndani ya uwanja wa hospitali.

Kuna jambo katika tarehe hiyo ambalo hunikaa moyoni. Wiki tatu tu kabla ya kifo chake, mwezi Julai 1996, madaktari walikuwa wamekutana Vancouver, katika nchi yake ya kuzaliwa, na huko ikatangazwa kwamba dawa tatu zikitumiwa pamoja zinaweza kuvizuia virusi visiendelee kumla mtu. Ndizo dawa ambazo leo kina mama wengi wanazimeza kila siku, wakazaa watoto wasio na virusi na kuwalea hadi wakawa watu wazima.

Sasa nisimulie langu, nalo ni dogo mbele ya lake. Ilikuwa mwaka wa pili baada ya kupata diploma yangu, katika kituo ambacho sitakitaja. Usiku, umeme umekatika, mama amechanika wakati wa kujifungua na mimi namshona kwa mwanga wa tochi ya simu. Simu ameishika mama mkwe wake. Mtoto akalia, mama mkwe akageuka kumtazama mjukuu, na mwanga ukageuka naye. Sindano ikapita kwenye glovu ikaingia kidole cha shahada cha mkono wa kushoto.

Kitu cha kwanza nilichotaka kufanya ni kukikamua kidole na kukinyonya, kama tulivyofanya utotoni tukichomwa na miba. Ndicho kisichofaa. Kukamua na kunyonya hakutoi virusi, kunaumiza nyama tu na kupeleka damu mdomoni. Wala usipake jiki, spiriti kali, wala usikate ngozi ili damu itoke. Nilimwomba mwenzangu ashikilie kitambaa pale nilipokuwa nikishona, nikavua glovu, nikaosha kidole kwa sabuni na maji yanayomiminika, nikavaa glovu nyingine, nikamalizia. Kisha nikamwambia mkubwa wangu wa zamu usiku ule ule, kwa sababu baada ya kuosha kinachofuata ni saa.

Dawa za kuzuia VVU baada ya ajali kama hiyo zipo, na hutolewa bure katika vituo vya serikali vinavyotoa huduma za VVU. Zinatakiwa zianze mapema iwezekanavyo, ndani ya saa chache ikiwezekana, na zikipita saa 72 hazina tena faida ya kutegemewa. Humezwa kwa siku 28. Lucille hakuwa na saa hizo 72. Kwake hazikuwepo.

Lakini kabla ya yote ilinibidi nimwombe yule mzazi akubali kupimwa damu. Hilo ndilo lililokuwa gumu kuliko sindano yenyewe. Ametoka kujifungua, hana nguvu, na mimi nasimama mbele yake nikiomba damu yake kwa sababu ya kidole changu. Mama mkwe alichukia. Aliona namtuhumu mkwewe kwa jambo la aibu, tena mbele ya mtoto mchanga. Nilimweleza kwamba ningemwomba hivyo hivyo hata kama ni dada yangu wa tumbo moja, na kwamba ana haki ya kukataa. Mzazi mwenyewe ndiye aliyenyoosha mkono. Majibu yake ni siri yake na sitayaandika hapa. Yangu naweza kuyasema: nilianza dawa usiku ule, nikapima tena baada ya wiki 6 na baada ya miezi 3, na nipo salama.

Kwa hiyo mama, ukiombwa kupimwa baada ya muuguzi au mkunga kujichoma, usione umetuhumiwa. Na kama unajua una VVU na unameza dawa zako vizuri, tuambie bila hofu. Dawa zako zikifanya kazi, virusi ndani ya damu yako vinakuwa vichache mno, na hatari kwetu inashuka sana.

Hatari yenyewe si kubwa kama watu wanavyodhani, na sipendi kuitia chumvi. Katika watu 1,000 waliochomwa na sindano yenye damu ya mtu mwenye VVU asiyetumia dawa, wanaoambukizwa ni kama 3. Damu ikirukia jichoni au mdomoni, ni chini ya 1. Ninayoiogopa zaidi ni homa ya ini aina B, ambayo watu hawaizungumzi. Mtu asiyechanjwa akichomwa na sindano yenye damu ya mgonjwa wa homa hiyo, anaweza kuambukizwa kwa kiwango kinachofika hadi watu 30 kati ya 100. Kirusi chake hudumu hata kwenye damu iliyokauka, siku kadhaa. Sisi tunachanjwa dhidi yake, na mwanao pia. Ile chanjo anayopewa akiwa na wiki 6, 10 na 14 ina kinga hiyo ndani yake, pamoja na nyingine. Mama akiruka chanjo ya wiki ya 10 kwa sababu mtoto alipata homa baada ya ile ya kwanza, anamwacha nusu njia.

Na glovu? Glovu haizuii sindano kupenya. Inachofanya ni kuipangusa sindano ikipita, ili damu inayoingia kwenye nyama iwe kidogo. Dhidi ya damu, mkojo na majimaji mengine yanayogusa ngozi yenye mchubuko, inazuia kabisa ikiwa haijatoboka. Tena inafanya kazi pande mbili. Mikono yangu imetoka kwa mgonjwa mwingine kabla ya kukufikia wewe na mwanao mwenye kitovu kibichi. Nikivaa glovu mpya kwako, nakulinda na yale niliyoyagusa kabla yako. Ukiniona naingia kwako na glovu nilizomshikia mwenzako, hapo ndipo una haki ya kukasirika, na uniambie.

Nilisema nitarudi kwa Daktari Lukwiya. Miaka minne baada ya kifo cha Lucille, Oktoba 2000, Ebola iliingia Gulu. Lukwiya alikuwa Kampala kwa masomo, akaitwa, akarudi Lacor, na ni yeye aliyeutambua ugonjwa mapema na kupanga wodi ya kuwatenga wagonjwa. Katika mlipuko ule watu 425 waliugua na 224 wakafa. Zaidi ya wafanyakazi 10 wa Lacor walikufa. Usiku mmoja wa Novemba, muuguzi mmoja aliyekuwa mgonjwa mahututi alichanganyikiwa na kutoka kitandani, akivuja damu. Lukwiya aliamshwa akaenda kumsaidia. Alivaa barakoa, gauni na glovu, lakini macho yake hayakuwa na kinga. Inaaminika ndipo alipoambukizwa. Alifariki tarehe 5 Desemba 2000, miaka 39 kamili tangu siku ya harusi ya Lucille na Piero, akiwa na miaka 43. Amezikwa karibu na Lucille. Piero alifuata mwaka 2003, naye yuko hapo hapo. Hospitali ile ndogo sasa ina vitanda zaidi ya 400.

Kwa sababu ya jicho la Lukwiya, ukija kujifungua utatuona wengine tumevaa miwani mikubwa ya plastiki. Maji ya chupa yakipasuka hurusha matone mbali kuliko unavyofikiri. Yakimwingia mtu jichoni, dawa ya kwanza ni maji safi mengi, jicho likiwa wazi, kwa dakika kadhaa bila kusugua.

Na yule mama wa barazani alitaka kujua habari za mtoto. Dominique alisalimika. Utoto wake ulipita ndani ya hospitali, na sehemu nyingine mbali na wazazi wake kwa ajili ya skuli na usalama. Alipokua akawa daktari, na baadaye akaongoza mfuko unaoitwa kwa jina la wazazi wake, unaosaidia Lacor hadi leo. Mama mkwe aliposikia hivyo alisema kitu chini chini ambacho nadhani kilikuwa dua.

Kilichobaki ni mambo ya nyumbani, kwa sababu damu haingojei hospitali. Mkiwa na mzee mwenye kisukari anayechoma insulini, sindano iliyotumika isirudishwe kifuniko chake, hapo ndipo wengi hujichoma. Itie moja kwa moja kwenye chupa ngumu ya plastiki, kama ya sabuni ya maji au ya mafuta ya kupikia, andika juu yake, iweke juu mbali na watoto, na ikijaa robo tatu ifunge uilete kituoni tukaichome pamoja na visanduku vyetu vya njano. Usiitupe jaani. Msimu wa karafuu watoto wanashinda peke yao, na bomba la sindano kwao ni mchezo wa kurushia maji. Mtoto akichomwa na sindano aliyoiokota, mwoshe kwa sabuni na maji, usimpige, na umlete siku hiyo hiyo. Ukimchapa, safari ijayo atakuficha.

Uzazi ukikushika nyumbani kabla gari halijafika, anayekupokea avae glovu, na kama hazipo avae mifuko miwili ya plastiki isiyotoboka kila mkono. Kitovu kikatwe kwa wembe mpya, ambao hautumiki tena kwa kitu kingine. Kanga na shuka zenye damu ziloweke kwenye maji yenye jiki kabla ya kufua, na kama una mchubuko mkononi mwachie mwingine azifue.

Siku ya chanjo, mshike mwanao vizuri: mgongo wake kifuani kwako, miguu yake katikati ya mapaja yako, mkono wako mmoja juu ya mikono yake. Akipiga teke sindano ikiwa tayari imetoka mguuni mwake, inakuja kwangu.